Jasho saa saba, kikao saa nane, bafu hakuna: vitu nilivyojaribu ofisini kwa miezi minne

Jamani hii itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, nilitafuta sana mtu wa kunielekeza nikakosa ikabidi nijifunze mwenyewe kwa hela yangu na kwa aibu yangu, na najua tuko wengi tunaofanya kazi huku Posta, katikati ya Dar, kwenye majengo ambayo hayana bafu, kuna choo na sinki basi.

Mi nafanya mazoezi mchana. Saa saba kamili nashuka kwenye ngazi za dharura za jengo letu, ghorofa tisa, napanda nashuka mara tano mpaka sita, siku nyingine napanda na kamba ya kuruka mpaka juu kwenye paa naruka pale kwenye kivuli cha matenki ya maji. Saa nane natakiwa niwe kwenye kiti changu, na Jumanne na Alhamisi sio kwenye kiti, ni kwenye kikao, chumba kidogo watu wanane tumebanana na AC yenyewe inajikongoja. Sasa pata picha mtu ametoka kupanda ghorofa 45 kwa mguu, Dar hii, mwezi wa pili.

Mtaniuliza kwa nini mchana. Nakaa Kibamba. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni, jioni mpaka mwendokasi inishushe Kimara na nipate usafiri mwingine nafika nyumbani saa mbili usiku na watoto wanataka kuniona. Mwaka jana nilipima presha ikawa imepanda, daktari akaniambia kwa upole kabisa kwamba vidonge bado ila mwili lazima uanze kufanya kazi, WHO wenyewe wanasema mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kawaida. Nikakaa nikahesabu masaa yangu yote ya siku, lililobaki langu peke yangu ni hilo la lanchi. Kwa hiyo sio kwamba napenda kutoka jasho katikati ya kazi, ndio nafasi niliyonayo.

Wiki ya kwanza nilifanya kile ambacho nadhani karibu kila mtu anaanza nacho. Nilimaliza ngazi saa saba na nusu, nikakimbilia chooni, nikajifuta uso na tishu, nikapulizia bodi spreyi kwapani, shingoni, mpaka kwenye nguo, nikavaa gauni langu la kazi nikaenda kwenye kikao. Dakika kumi sijamaliza jasho likaanza kuteremka upya mgongoni, na ile harufu ya spreyi ikachanganyika na jasho ikawa kitu cha tatu ambacho sio spreyi wala sio jasho. Kaka mmoja aliyekaa karibu yangu alinyanyuka taratibu akaenda kufungua dirisha, AC ikiwa inawaka. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Niliumia sana siku ile, nikakaa wiki nzima sikwenda kwenye ngazi.

Halafu nikasema hapana, presha haitasubiri aibu zangu. Ndio nikaanza kununua na kujaribu kimoja kimoja.

Waipsi za mtoto

Nilianza nazo kwa sababu ziko kila duka, pakiti kubwa niliinunua elfu nne. Uzuri wake ni haraka, unafungua unafuta unatupa, na zile zisizo na harufu hazichomi hata ukiwa umetoka kunyoa kwapa juzi. Kwa uso na shingo na nyuma ya masikio zinafaa kabisa, pale nazipa saba kwa kumi.

Ila kwa mwili mzima hapana. Mtu akitoka jasho la kweli waipsi mbili tatu hazitoshi, utatumia nane mpaka kumi, na ukimaliza ngozi inabaki na utelezi fulani kama umepaka losheni nyepesi ambayo haijakauka. Kwa hali ya hewa ya Dar, hewa yenyewe imejaa maji, ule utelezi haukauki, nguo inakung'ang'ania mgongoni. Nikapiga hesabu pia, waipsi kumi kwa siku mara siku nne, pakiti ya themanini inaisha wiki mbili. Na tafadhali sana msizitupe kwenye choo, nyingi zina nyuzi za plastiki ndani yake haziyeyuki kama tishu, mabomba ya jengo letu yaliziba na aliyeingiza mkono kuzibua ni mama yetu wa usafi, sio fundi. Huyo mama nitarudi kwake maana ndiye aliyenisaidia kuliko duka lolote.

Jimu ya jirani, bafu la kulipia

Hapa nitakuwa mfupi. Kuna jimu moja sio mbali na ofisini, wakaniambia naweza kulipia bafu tu bila uanachama, elfu tano kwa mara moja. Mara ya kwanza maji yalikuwepo, nilifurahi mpaka nikaona tatizo limeisha. Mara ya pili maji yamekatika, hela nimeshalipa, nina sabuni mwili mzima, nikapewa ndoo nusu iliyotolewa sijui wapi. Mara ya tatu foleni ya kina dada wanne, nikarudi ofisini saa nane na dakika ishirini. Hata kama kila kitu kingekuwa sawa, kwenda na kurudi ni dakika kumi na tano, na unarudi kwa mguu juani, unafika umeloa tena kama hukuoga. Elfu tano mara nne kwa wiki ni elfu ishirini, hiyo ni nauli yangu. Sikurudi.

Poda

Shangazi zetu wote wametulea na poda shingoni, na mimi nilijaribu. Kama hujakauka vizuri poda inakuwa uji, chini ya sidiria inajikusanya vidonge vidonge, na ukivaa nguo nyeusi kila mtu anajua umepaka nini na wapi. Angalieni pia na imetengenezwa na nini. Zile za talki, 2024 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliiweka talki kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu, na hata wale wenye ile poda maarufu ya watoto walishatangaza kwamba kuanzia 2023 wanaacha talki wanatumia wanga wa mahindi, ile konstachi, dunia nzima. Siku hizi natumia kidogo sana ya wanga wa mahindi, kwenye vidole vya miguu kabla ya soksi safi na katikati ya mapaja pale yanaposuguana. Pale tu. Kwa kazi hiyo iko vizuri.

Ndimu

Nasema mapema ili mtu asiumie kama mimi. Nilishauriwa ndimu inaondoa kikwapa, na ni kweli ile asidi inapunguza harufu kwa muda. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kunyoa, nilipopaka nilishika ukuta. Na kuna kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu ukapigwa na jua yanaunguza, yanaacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Mkono wangu wa kulia ulipochuruzikiwa nilipata doa kama ramani, limeanza kufifia sasa hivi. Msipake.

Roloni

Hapa nilikuwa nakosea miaka yote na nadhani na wewe unakosea. Kwanza kuna aina mbili na kwenye rafu zimepangwa pamoja, dodoranti ya kawaida inapambana na harufu tu, na ile iliyoandikwa kwamba inazuia jasho ina chumvi za aluminiamu ambazo zinaziba kwa muda vile vitundu vya jasho. Mimi nilikuwa nanunua ya kuzuia jasho halafu naipaka saa saba na nusu kwapa likiwa linachuruzika. Pale haifanyi chochote, jasho linaisukuma nje inaishia kwenye nguo, ndio yale madoa ya njano kwenye blauzi nyeupe.

Ya kuzuia jasho inapakwa usiku, umeshaoga umekauka, unaenda kulala. Usiku mwili unatoka jasho kidogo kwa hiyo zile chumvi zinapata muda wa kuingia na kukaa, asubuhi ukioga haziondoki zote maana ziko ndani. Nilipobadilisha hiyo saa tu, roloni ile ile ya elfu sita, wiki ya pili niliona tofauti kubwa mpaka nikamwambia mume wangu anuse. Kwa hiyo roloni ya usiku naipa nane. Roloni ya mchana juu ya jasho naipa sifuri, unapoteza hela.

Shabu

Sasa hii ndio nimekuja kuiandikia.

Huyo mama wa usafi nilianza kuzoeana naye kwa ugomvi. Nilikuwa namwaga maji sakafuni mle chooni nikijiosha kwenye sinki, miguu juu, mikono huku, na yeye ndiye anayepiga deki baada yangu. Siku moja akanikuta. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba, akanyamaza akaniangalia, halafu akasema, "Mwanangu, wewe unaoga au unamwagilia bustani?" Nilimwomba radhi kwa kweli, nikamweleza yote, presha, ngazi, kikao, dirisha lililofunguliwa. Akaweka dekio chini akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, "wewe unajiosha ukiwa bado una moto, ndio maana unaloa tena". La pili akaniuliza kwetu hatutumii shabu?

Shabu naijua ya maji. Nyumbani kwa bibi ilikuwa inakaa kwenye kopo, mto ukichafuka wakati wa masika unaizungusha kipande kwenye ndoo, tope linatulia chini maji yanabaki juu meupe. Na kwa vinyozi nimeiona, akikukata kidogo anakugusisha pale damu inakata. Kwapani sikuwahi kusikia, mama akasema wao Lindi wanatumia tangu anapata akili.

Jumamosi nikaenda Kariakoo. Ukipita ile mitaa ya wauza viungo na dawa za asili unaikuta kwenye magunia madogo, inafanana na barafu iliyochafuka kidogo au chumvi ya mawe. Mzee mwenye duka alikuwa na mizani ya zamani ya shaba, nikamsalimia nikamwambia nataka shabu ya kwapa. Hakushangaa hata kidogo. Akachambua mapande akaninyooshea moja, saizi ya kipande cha sabuni ya kuogea kilichoisha nusu, akasema "binti yangu chukua hili halina kona kali, kona zitakukwaruza", akachukua na tambara akalisugua kingo zote pale pale mbele yangu mpaka zikalainika. Shilingi elfu moja.

Jinsi ya kutumia: kwapa liwe limeshafutwa safi na maji, bado lina unyevu kidogo, unalowesha kipande unapitisha taratibu kama mara nne tano kila upande, unaacha likauke lenyewe. Halina harufu yoyote. Linakaza ngozi kidogo, unahisi kama kitu kimevutwa, basi. Halizuii jasho, hilo mlijue, utaloa kama kawaida ukitembea juani. Inachofanya ni kwamba lile jasho halinuki. Maana jasho lenyewe linapotoka halina harufu ya maana, harufu inakuja wale bakteria wa kwenye ngozi wakishalila, na kwapani na kinenani ndiko kuna tezi zinazotoa jasho zito wanalolipenda. Shabu inapafanya pale mahali pagumu kwao kuishi. Ni chumvi ya aluminiamu na potasiamu, kwa hiyo wale mnaokimbia aluminiamu kabisa mjue iko humo pia.

Nilipaka saa saba na dakika hamsini. Nilikaa kikaoni mpaka saa kumi. Nikapanda mwendokasi ya jioni nimesimama nimeshika bomba juu, mkono umenyanyuka, wale mnaopanda mnajua ule msongamano wa Posta mpaka Kimara, na nilikuwa na amani moyoni. Kumi kwa kumi. Kipande kile cha buku nimekinunua mwezi wa kumi, mpaka leo kimebaki kama maharage mawili.

Kasoro zake zipo. Ukitoka kunyoa siku hiyo hiyo inawasha. Ukiiacha imeloa kwenye kopo inayeyuka, lazima uikaushe na tishu. Na ikidondoka kwenye vigae inapasuka inakuwa na makali kama kioo.

Vitambaa viwili na chupa ya spreyi

Shabu bila kujifuta kwanza haina kazi, unapaka juu ya uchafu. Kwa hiyo hiki ndicho kitu cha pili ambacho siwezi kukosa.

Nilinunua taulo la maikrofaiba lile linalosifiwa, jepesi, linakauka haraka kweli. Lakini kwenye ngozi yangu linang'ang'ania, na baada ya wiki tatu lilianza kutunza harufu hata likifuliwa, vitambaa vya plastiki ndivyo vilivyo, harufu inajishikiza. Nikachukua kanga yangu ya zamani, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama mashavu ya mtoto, nikaikata vipande vya ukubwa wa leso kubwa nikapinda kingo. Kanga ya pamba ikishazeeka inanywa maji vizuri, haikwaruzi, unaikamua kwa mkono mmoja, na ukiitundika karibu na dirisha saa kumi imekauka. Sikutoa hata senti.

Chupa ya spreyi ni zile za saluni za kulowesha nywele, elfu moja na mia tano, nusu lita. Hii ndiyo iliyomaliza ugomvi na mama. Najaza maji, naweka matone machache sana ya sabuni ya maji isiyo kali, kweli kweli machache, ukizidisha utahangaika kusuuza. Napuliza kwenye ngozi nafuta na kitambaa cha kwanza, nakisuuza kwenye sinki nakikamua, nafuta tena na maji matupu, kitambaa cha pili kikavu nakausha. Uso, shingo, kwapa, chini ya matiti, mgongo kadiri mkono unavyofika, tumbo, kinena, nyuma ya magoti, miguu. Nusu lita inatosha na inabaki. Sakafu kavu. Dakika saba ndani ya choo mlango umefungwa, nimezihesabu.

Kukausha msikuchukulie poa. Nilikuwa nafuta vizuri halafu navaa na unyevu, nikapata vipele chini ya sidiria na fangasi kwenye mapaja vilivyonitesa mwezi mzima. Sasa nabeba sidiria ya pili na chupi ya pili, hata kama blauzi ni ile ile.

Dakika kumi ambazo haziuzwi dukani

Lile neno la kwanza la mama, unajiosha ukiwa na moto. Mimi nilikuwa namaliza ngazi nakimbilia sinki ili niwahi, najifuta navaa, halafu jasho linaanza upya. Kumbe mwili ukimaliza kazi bado una joto ndani, utaendelea kulitoa kwa jasho dakika kumi hata kumi na tano, umevaa hujavaa. Kwa hiyo chochote utakachopaka katika hizo dakika kitaoshwa. Hata shabu.

Sasa nimebadilisha mpangilio. Ngazi saa saba mpaka saa saba na dakika ishirini na tano. Raundi ya mwisho natembea taratibu kabisa. Halafu dakika kumi nakaa stoo ya mama ambako kuna feni, kaniruhusu mwenyewe ila nisimsemee kwa watu, feni inanipiga usoni na mgongoni, nakunywa maji, nimeweka kitambaa kilicholowa maji baridi shingoni. Kwenye mji mkavu jasho lingeruka lenyewe, hapa kwetu hewa imeshiba maji haliruki mpaka upepo ulisukume, ndio maana feni ina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Jasho likikata, ndio naingia chooni.

Na baada ya hapo natia udhu. Sisemi kama mawaidha, nasema kwa sababu nimeona tofauti: maji ya baridi mikononi mpaka viwikoni, usoni, kichwani, masikioni, miguuni, ndizo sehemu zile zile ambazo ukizipoza mwili wote unatulia. Jasho sio najisi kwa hiyo hakuna shida ya swala, lakini kusimama Adhuhuri ukiwa umepoa, ngozi kavu, nguo safi, ni raha ambayo siku za bodi spreyi sikuwa nayo. Wenzangu wasio Waislamu nawaambia osheni mikono na miguu na maji baridi hivyo hivyo, mtaona.

Lanchi yenyewe nakula mezani kwangu saa nane kasoro dakika kumi, nimeibeba nyumbani.

Nywele na mtandio

Kina dada wenzangu wa hijabu, hapa ndipo mnaniuliza sana. Nywele nasuka twende kilioni, mistari ya kati ya kichwa inapata hewa. Kofia ya ndani nina mbili za pamba, moja ya ngazi moja ya baada. Usifunge mtandio juu ya nywele zilizoloa, harufu yake ikishaingia kwenye mistari haitoki mpaka ufumue. Mimi pale kwenye feni kofia naivua, nachukua kile kitambaa cha kanga kilichokamuliwa napitisha kwenye mistari na kwenye kingo za nywele, nasubiri zikauke. Chupa ndogo ya marashi ya waridi ninayo, yale ya kawaida ya madukani Kariakoo, napulizia mara mbili kwenye mtandio sio kwenye ngozi. Harufu ndogo, safi, inaisha baada ya saa moja. Kwenye kikao kidogo hiyo inatosha, pafyumu kali nimeacha kabisa mchana, kuna dada kwenye timu yetu ana pumu na sikuwahi kufikiria hilo mpaka aliponiambia.

Nguo za jasho ziende wapi

Hili lilinishinda muda mrefu. Nilikuwa nazifunga kwenye mfuko wa nailoni nazisokomeza chini ya meza, saa kumi na moja jioni ukifungua ni balaa. Dawa nimeipata kwenye ile mifuko mbadala tuliyoanza kutumia serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, ile ya kitambaa chepesi inayouzwa mia tano sokoni. Inapitisha hewa. Nguo nazikamua, nazitundika dakika zile kumi mbele ya feni, halafu ndani ya mfuko mbadala, mdomo wazi. Jioni zina unyevu lakini hazinuki. Fulana pia nimeacha zile za polyester za mbio, zinakauka haraka lakini harufu haitoki hata uloweke na nini, navaa za mchanganyiko wenye pamba nyingi.

Gharama yote kwa anayetaka kuanza: shabu elfu moja, chupa ya spreyi elfu moja na mia tano, roloni ya usiku elfu sita, mfuko mbadala mia tano, kanga ya zamani ya nyumbani. Elfu tisa. Mimi nimetumia kama elfu themanini mpaka kufika hapa, ukijumlisha lile taulo na bafu la kulipia.

Presha nilipima tena wiki iliyopita imeshuka, daktari amesema niendelee. Yule kaka wa dirisha sasa hivi tunapanda naye ngazi Jumanne na Alhamisi, yeye anajifutia choo cha wanaume ghorofa ya nne, na juzi kaniomba nimkatie kipande cha shabu. Langu limebaki dogo sana halikatiki, kwa hiyo Jumamosi naenda kwa yule mzee kuchukua matatu, langu, lake, na moja la mama wa usafi maana lake anasema lilidondoka.